Swichi Iliyotoka Ukutani

Tak.

Kati ya yote yaliyosemwa jioni ile, Sylvestre amebaki na sauti hiyo moja. Tak, kavu na fupi, kama ganda la karanga linapovunjwa kwa vidole. Taa mbili za mbele za pikapu zikazimika, na papo hapo taa ndogo ya ndani ikawaka juu ya vichwa vyao. Tak tena: ndani giza, mbele mwanga. Mwanawe Bienvenu alikuwa amelala chali chini ya usukani, miguu ikining'inia nje ya mlango, bisibisi ameiuma kwa meno, na alikuwa akicheka bila kuiachia.

“Papa, ni kidole moja tu,” alisema alipoitoa. “Hata kama mukono inatetemeka, kidole moja itafika.”

Hakuna aliyekuwa amesema kwamba mkono wa baba ulitetemeka. Wote wawili walijua.

Sylvestre ni mtu wa upande wa Mahagi. Alikuja Bunia angali kijana, akabeba mizigo ya watu sokoni kwa mgongo, kisha kwa mkokoteni, kisha kwa pikapu aliyoinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anahamia Uganda. Gari lenyewe lilikuwa limezeeka hata siku hiyo. Buluu yake ilikuwa imepauka, usukani ulikuwa mwembamba na mpana, na taa mbili za mviringo zilitokeza mbele kama macho ya ng'ombe. Watoto wa mtaa wao, Nyakasanza, wanaliita Tate, yaani babu, na asubuhi wakisikia linavyokohoa wanaliamkia: “Tate, umelala muzuri?” Sylvestre huwajibu kwa honi. Kwa gari hilo amepeleka sabuni, chumvi na unga Iga Barrière, akarudi na muhogo na makaa. Amepeleka maharusi kanisani na majeneza makaburini. Amewalea watoto wawili, Bienvenu na Annette.

Kila dereva wa huku anajua adabu ya kizuizi, au bariere. Ukiona kamba imekatiza barabara, au mwanzi umelazwa juu ya mapipa, unapunguza mwendo. Unazima taa za mbele usije ukamchoma macho mwenye bunduki. Unawasha taa ya ndani ili aone nyuso na mikono. Kuzima kwanza, kuwasha baadaye. Kati ya hayo mawili kuna giza dogo, la pumzi moja, na ndani ya giza hilo pande zote mbili zinaogopana.

Katika Tate, kitufe cha taa za mbele ni cha kuvuta na kusukuma, kushoto, chini ya dashibodi. Taa ya ndani iko juu, upande wa kulia, karibu nyuma ya kichwa cha dereva. Jioni moja ya mvua, wakitoka Iga, Sylvestre alizima za mbele, akainua mkono kuitafuta ile ndogo, asiipate. Akapapasa. Giza likarefuka. Huko nje chuma kikalia: mtu alikuwa ameiweka bunduki yake tayari. Ni Bienvenu aliyepaza sauti: “Chef, tuko batu ya unga! Unga tu!” Askari akacheka, wakaachwa wapite. Lakini walipofika nyumbani Sylvestre alishindwa kushika kikombe, na mkewe Émilienne akakiweka mezani bila kuuliza.

Kesho yake Bienvenu akaenda chumbani kwake na bisibisi. Alikuwa amesoma umeme katika shule ya ufundi, na nyumba yao ilipopigwa lipu yeye ndiye aliyepitisha nyaya ukutani na kufunga swichi nyeupe karibu na mlango wa chumba chake, kuungojea umeme. Nguzo zikapita barabara ya pili. Swichi ikakaa miaka bila kuwasha kitu. Ilikuwa ya namna ile yenye njia mbili: ukibonyeza juu, moto unakwenda huku, ukibonyeza chini, unakwenda kule. Akaing'oa, akaifunga katika pikapu kando ya usukani, na viungo vya nyaya akavizungushia ukanda mwembamba wa mpira wa baiskeli, mzunguko juu ya mzunguko, sawasawa kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira. Ukutani pakabaki shimo la mraba. Émilienne alilijaza kitambaa cha kitenge ili mijusi isiingie.

Baadaye Bienvenu akaondoka. Alifuatana na rafiki zake kwenda kwenye mashimo ya dhahabu, mbele ya Iga, akasema atarudi kabla ya Noeli. Kwanza simu yake iliita. Kisha ikaita bila kupokelewa. Kisha sauti ya mwanamke asiyejulikana ikawa inajibu kwamba nambari hiyo haipatikani. Vijiji vya huko vikahama kwa mapigano, watu wakashuka Bunia na magodoro vichwani, na kati yao hakuwamo. Madereva wengine waliacha njia ya Iga. Sylvestre hakuiacha. Watu walidhani anafuata faida. Alikuwa anafuata maneno machache tu, ambayo aliyarudia kila mahali alipoteremsha mzigo: “Hamukuona kijana mrefu, kidole gumba iko na kovu ya kuungua?” Na jibu lilikuwa lile lile, la upole: “Vijana barefu ni wengi, papa.”

Katika kila kizuizi, kwenda na kurudi, alibonyeza ile swichi. Tak. Ilikuwa kama kuulizwa hali na mtu wa nyumbani.

Jambo moja lilibadilika, na hakulitangaza. Huku mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mtaa mzima ulimwita Papa Bienvenu, na mkewe Mama Bienvenu, na wao wenyewe waliitana hivyo tangu mtoto alipozaliwa. Noeli ya pili ilipopita, Sylvestre alianza kumwita mkewe Mama Annette. Jina lile la zamani lilikuwa limekuwa zito kinywani, kama maji ya moto, huwezi kuyameza wala kuyatema mbele za watu. Émilienne hakugomba. Ila tangu siku hiyo hakuitika kwa mara ya kwanza. Humwacha mumewe aite mara mbili.

Mwaka huu Annette alirudi nyumbani na mimba. Mumewe Floribert alikuwa Kasenyi ziwani kwa biashara ya samaki, na mtoto wao wa kwanza alikuwa amebaki kwa mama mkwe. Mtoto yule wa kwanza alitolewa kwa upasuaji huko Nyankunde, na daktari aliyemshona alimwonya waziwazi: safari ijayo, uchungu ukianza tu, aje hapo hapo, asijaribu kuzaa nyumbani, kovu linaweza kufunguka. Walipanga Sylvestre ampeleke Jumatatu akangojee huko, karibu na hospitali. Lakini Annette mwenyewe alishika tumbo akasema, “Huyu hajui Jumatatu ni nini.”

Na taa za Tate zilikuwa zimeanza kufa.

Hazikufa kama balbu inavyokufa, kwa mara moja. Zilianza vizuri. Baada ya mwendo kidogo nyeupe yake ikageuka njano, njano ikawa nyekundu kama kaa linalofifia, kisha hamna. Sylvestre alisimama kando ya njia, akakaa, akavuta pumzi, akavuta kitufe: zikarudi kana kwamba hazikwenda popote. Asubuhi, mbele ya nyumba, zilikuwa nzima kabisa. Zilikuwa kama mtoto anayelia na homa nyumbani, akifika mbele ya muuguzi anacheka.

Katsuva, fundi wa umeme wa magari aliyekuwa na kibanda cha mabati karibu na soko, alishughulika nazo majuma mengi.

“Papa Bienvenu, hii Tate yako inanipatisha haya,” alisema siku ile, akifuta mikono kwa kitambaa. “Ikiniona, inapona. Nayo inafanya siasa?”

Mafundi wengine wakacheka. Katsuva alikuwa tayari amehamisha balbu ya kushoto akaitia kulia na ya kulia kushoto. Zote zikawaka. Alitoa fyuzi, akaiangalia juani, akairudisha. Alifungua ule waya mnene unaotoka kwenye betri na kushika mwili wa gari, akaukwangua kutu kwa msasa hadi chuma kikang'aa, kwa sababu mara nyingi, alisema, taa haina kosa, kosa ni njia ya moto kurudi nyumbani. Aliongeza maji katika betri. Alipiga ngumi kwenye madigadi juu ya matairi akitafuta waya uliolegea. Kila kitu kilikuwa kizima. Ndipo akainama chini ya usukani, akatoa kichwa.

“Na hii? Swichi ya nyumba inatafuta nini humu? Munalala mu gari?”

“Iache hiyo,” Sylvestre alisema.

“Niitoe kidogo tu, niunge nyaya, tuone kama—”

“Katsuva. Nimesema iache. Iko inafanya kazi.”

“Papa, ile kitu ni ya balbu moja ya chumba. Mafari ya gari, hizi taa kubwa za mbele, inakunywa moto mingi. Itakuwa inachoka, inapata moto, inakataa. Ikipoa inakubali. Njo maana hapa kwangu—”

Sylvestre alikuwa ameshafunga mlango. Katsuva akaegemea dirishani. Alimfahamu Bienvenu, wakati wa likizo za shule kijana huyo alikuja kukaa kwenye kibanda hiki akijifunza kuunganisha. Aliuona ule ukanda wa mpira, mzunguko juu ya mzunguko, na alijua mkono uliousuka. Mzaha wote ukamtoka.

“Sawa, papa,” akasema. “Jaribu betri ingine basi.”

Sylvestre akajaribu betri nyingine. Alijaribu pia balbu mpya, na fundi mwingine, na fundi wa tatu upande wa uwanja wa ndege, ambaye alimwambia gari lake limelogwa. Alilipokea jibu hilo kwa moyo mwepesi kuliko lile la Katsuva.

Ijumaa, yeye na Émilienne walikwenda Marabo, njia ile ile ya Nyankunde, kuchukua muhogo. Walichelewa kupakia. Wakirudi, jua likaanguka nyuma yao, Sylvestre akawasha, na kwa muda njia ilikuwa nyeupe na nzuri. Karibu na mteremko wa daraja la mto Shari ikawa ya njano. Émilienne akainua pua.

“Inanuka mukono ya sufuria,” alisema.

“Nini?”

“Mukono ya sufuria, ile ya plastiki, kama umeiacha karibu na moto. Inanuka hivyo.”

Taa zikawa nyekundu, zikazimika, wakiwa katikati ya mteremko. Sylvestre alikanyaga breki, muhogo ukasukuma mgongo wa kabini, na gari likasimama likiwa limeinamia mtaro. Lori la magogo likawapita likipiga honi. Émilienne akanyoosha mkono gizani, akagusa ile swichi, akaurudisha haraka na kuingiza kidole mdomoni.

Alikaa hivyo kama mtoto, kidole mdomoni. Kisha akasema, “Papa Bienvenu, Annette iko mu mwezi ya mwisho.”

“Najua.”

“Unajua nini?”

Taa zilipopoa Sylvestre akaziwasha, akalifuata lori lile kwa nyuma, akiziazima taa zake nyekundu za mkia mpaka mjini.

Nyumbani, Émilienne alipokuwa akipakua chakula, alimwona mumewe ameingia katika chumba cha Bienvenu. Alimfuata. Sylvestre alikuwa amesimama mbele ya lile shimo la mraba ukutani. Kitambaa kilikuwa safi. Kila sikukuu Émilienne hukitoa, hukifua pamoja na nguo za watu, hukirudisha.

“Mama Annette,” alisema bila kugeuka. Akangoja. “Mama Annette.”

“Niko hapa.”

“Ile gari yote, hakuna mahali ingine amegusa. Ni pale tu.”

Émilienne alikaa kwenye ukingo wa kitanda kisicholaliwa. Alikuwa na kijiko cha ugali mkononi na hakujua akiweke wapi.

“Ninajua,” alisema. “Nimeungua kidole, ninajua. Lakini sikiliza. Mu jina yangu umesha kumutoa mutoto. Ulimutoa bila kuniuliza. Kiisha mu gari unamushikilia, mu kitu yenye inaungua. Ungefanya mukinyume.”

“Ukiitwa lile jina, hausikii ubaya?”

“Ninasikia ubaya. Kila siku. Niite hivyo hivyo.”

Alisimama akaenda zake na kijiko chake. Sylvestre alibaki. Alitaka kusema kwamba ile swichi ikitoka, katika kizuizi atabaki na mikono yake tu. Alitaka kusema kwamba kubonyeza kule ndiyo njia pekee aliyobaki nayo ya kumshika kijana yule mkono. Mwisho akaenda, akala ugali umepoa.

Jumamosi, jua likiwa limeanza kuteremka, Annette alikuwa anaanua nguo. Alishika kamba ya nguo kwa mikono miwili, akainama, akakaa hivyo. Alipoinuka alikuwa amebadilika uso.

“Mama,” aliita, taratibu kama mtu asiyetaka kumwamsha mwingine. “Imeanza.”

Émilienne akaanza kufunga kapu: khanga, sabuni, thermos, karatasi za kliniki. Sylvestre alimpigia simu Katsuva. Katsuva alikuwa kwenye matanga ya shangazi yake, na nyuma yake watu walikuwa wakiimba, ikabidi apige kelele.

“Papa, sitawahi kufika! Weye mwenyewe unaweza! Nyuma ya swichi, waya yenye inatoka ku kitufe na waya yenye inaenda ku mafari. Kata, unga moja kwa moja! Taa ya ndani itakufa, lakini mafari itakuwa ya kweli!”

“Nasikia.”

“Papa Bienvenu!”

“Nasikia, Katsuva.”

Akatoa ncha ya waya kwenye betri, akachukua koleo na bisibisi. Alilala chali chini ya usukani, miguu nje ya mlango. Hakuwa amewahi kulala hivyo. Alikuwa mnene na mgongo ulilia. Swichi ilikuwa karibu na uso wake. Mbele ilikuwa nyeupe kama siku ilipotoka ukutani, na juu yake kulikuwa na alama ya kijivu ya kidole kimoja, chake yeye mwenyewe. Alipofungua skrubu mbili na kuigeuza, aliona mgongo wake. Plastiki ilikuwa ya kahawia, imevimba, na kijidole cha shaba cha upande wa taa kubwa kilikuwa kimekuwa cheusi, kimeliwa. Kila kizuizi kilikuwa kimemega kidogo. Kila tak ilikuwa na cheche yake, na cheche zile zote zilikuwa hapa.

Akaanza kufungua ukanda wa mpira. Hakuukata, aliufungua, mzunguko baada ya mzunguko. Ndani, shaba ilikuwa inang'aa bado, imesokotwa barabara, bila kutu. Hapakuwa na kosa popote katika kazi ya mtoto. Kitu chenyewe ndicho kilikuwa kidogo kwa mzigo kilichotwikwa.

Ndani ya nyumba Annette aliguna, mguno mrefu, na Émilienne akasema, “Vumilia, mama, vumilia.”

Sylvestre akafunga koleo. Waya wa kwanza. Akafunga tena. Wa pili. Akazisokota shaba mbili pamoja, akazizungushia ukanda ule ule wa mpira, lakini mizunguko yake haikuwa sawa, ilipanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Akarudisha waya wa betri, akavuta kitufe. Mwanga mweupe ukapiga ukuta wa jirani, kuku waliokuwa wameanza kutafuta pa kulala wakatawanyika, na jirani akatoa kichwa dirishani: “Papa Bienvenu, unatupiga picha?”

Swichi aliitia katika mfuko wa shati.

Walimweka Annette katikati ya kiti, ameegemea bega la mama yake. Émilienne aliangalia juu, kwenye taa ndogo.

“Na hii?”

“Imekufa pamoja na ile.”

“Na ku bariere tutafanya nini?”

“Sijui.”

Akarudi ndani mbio, akatoka na tochi ya nyumba, ile iliyofungwa kwa utepe wa gundi, akajipenyeza kitini na kufunga mlango kwa nguvu.

“Twende,” alisema. “Nitakuwa taa ya ndani.”

Walivuka Shari giza likiingia. Sylvestre aliendesha huku anangoja ile njano. Alipajua mahali pake: baada ya daraja, kwenye kona ya pili. Haikuja. Walipanda mlima, wakashuka, wakapita nyumba ambazo hazina watu tena, majani yamefika madirishani. Mwanga haukufifia. Ulionyesha kila shimo, kila jiwe, na kila shimo Annette alilijibu kwa sauti ambayo baba yake hakutaka kuisikia.

“Papa, polepole.”

“Polepole, Annette. Ndiyo, polepole.”

“Apana, papa. Mbio.”

“Mbio.”

“Papa! Sijui!”

“Weye lia tu, mwanangu,” Émilienne alisema. “Huyu papa yako tutamupigia kelele hata akienda sawa.”

Annette akacheka, na kicheko kikageuka maumivu njiani.

Kizuizi kilikuwa mahali kisipokuwapo Ijumaa: kamba, moto mdogo wa kuni, vivuli viwili vilivyosimama. Sylvestre akapunguza mwendo. Mkono wake wa kulia ukaenda peke yake kando ya usukani, ukakuta matundu mawili ya skrubu, ukasimama hapo. Akaurudisha, akasukuma kitufe kwa wa kushoto. Njia ikazimika.

Giza.

“Washa,” alisema.

Tochi ikalia kwa ndani lakini haikuwaka. Émilienne akaigonga kiganjani.

“Washa, mama.”

“Ninawasha!”

Huko nje mtu alipiga hatua mbili katika kokoto, kisha ile sauti aliyoifahamu, chuma juu ya chuma. Sylvestre aliweka mikono yake yote miwili juu ya usukani, wazi, ingawa hakuna aliyeweza kuiona. Annette aliacha hata kuguna. Ile pumzi moja ilikuwa imekwisha zamani, na ya pili pia. Émilienne akaipiga tochi kwenye goti, kwa hasira, kama mtu anayempiga mbuzi mkaidi.

Ikawaka. Aliielekeza kwanza usoni mwake mwenyewe, akifumba macho. Kisha tumboni na usoni mwa Annette. Kisha kwenye mikono ya mumewe, akaiacha hapo.

“Kwa nini munakawia kuwasha?” Askari alikuwa kijana, koti la mvua limemzidi. Bunduki ilikuwa imeelekea mlangoni.

“Taa ya ndani imekufa, chef,” Sylvestre alisema. “Tunapeleka mugonjwa Nyankunde.”

“Mugonjwa wa nini?”

“Haumuoni?” Émilienne akamulika tumbo tena. “Ukituweka hapa, weye njo utamupokea mutoto. Unajua?”

Yule mwenzake karibu na moto akacheka. “Mupokee, Stéphane! Umekosa kazi!”

Kijana hakucheka. Aliinama, akamtazama Annette, aliyekuwa ameuma khanga na machozi yakimtoka pembeni. Akashusha mtutu. Uso wake, katika mwanga wa tochi, ulikuwa na umri ule ule wa Bienvenu. Shingo ilikuwa ndefu hivyo hivyo. Sylvestre alifungua mdomo kwa yale maneno yake ya siku zote, kuhusu kijana mrefu na kovu la kidole gumba. Annette akamshika paja kwa kucha. Akaufunga mdomo.

“Pitia, papa,” askari alisema, akiinua kamba juu ya kichwa chake. “Washa mafari yako. Ku mbele kuko matope.”

Akavuta kitufe. Mwanga ukaruka, kijana akajikinga macho kwa kiwiko, wakampita.

Émilienne alikuwa amesahau tochi. Ilikuwa ikiwaka bado juu ya magoti yake, na kioo cha mbele kikawa kama cha kujitazamia. Sylvestre alizidi kuinama mbele. Badala ya barabara aliona nyuso zao tatu zimeelea juu ya giza, yeye, binti, mkewe, na nyuma yao kipande kidogo sana cha njia. Mfukoni, swichi ilimgonga kifuani kila walipoingia shimo. Ng'ambo ya bonde taa za hospitali zilikuwa zimeanza kuonekana, chache, zimetulia mahali pamoja.

“Mama Bienvenu,” alisema, kwa sauti ndogo iliyokaribia kumezwa na injini. “Zima tochi. Njia itaonekana.”